Asilimia 99 hiyo imepimwaje?

Mhariri,

Ofisi yako ikiuziwa zana ya akili mnemba ya kunasa mahitaji yanayogongana kwenye hati ya mfumo (hati inayoorodhesha mambo ambayo programu inatakiwa kufanya), na muuzaji akakuapia usahihi wa asilimia 99, usisaini kwanza.

Hati yenye mahitaji 400 ina jozi 79,800 za kulinganisha. Tuseme zinazogongana kweli ni 80. Zana inayojibu "hakuna mgongano" kila mara, bila kusoma hata neno, inapata usahihi wa asilimia 99.9. Swali la kumbana nalo muuzaji ni moja: kati ya zile 80, umenasa ngapi?

Kazi hii hufanywa kwa hatua mbili. Kwanza kila sentensi hugeuzwa kuwa safu ya namba ili zinazozungumzia jambo moja zikae karibu, na jozi ambazo sentensi zake ziko mbali ziachwe. Kisha modeli nyingine, yaani programu iliyojifunza kwa mifano, iliyofunzwa kutambua sentensi zinazopingana, hupitia zilizobaki. Anayeishia hatua ya kwanza anapima ukaribu tu. "Mfumo uhifadhi namba ya kitambulisho cha mkopaji" na "Mfumo usihifadhi namba ya kitambulisho cha mkopaji" ni karibu pacha kwa kipimo hicho.

Na hapo Kiswahili kina shughuli yake. Kukanusha kwetu kumejificha ndani ya kitenzi. Modeli iliyolelewa kwa Kiingereza huweza kukikatakata "usihifadhi" vipande visivyo na maana, na ile "si" ikamezwa. Andika jozi 20 zinazotofautiana kwa silabi hiyo peke yake, uwape wauzaji wazipitishe mbele yako.

Kibaya zaidi ni mgongano usio na maneno ya pamoja. Kwenye mfumo wa SACCOS, hitaji la 12 laweza kusema: "Taarifa za mwanachama zifutwe siku 30 baada ya kujitoa." La 310: "Miamala yote itunzwe miaka 7." Mhasibu atashtuka papo hapo, kwa kuwa muamala una jina la mwanachama. Mashine huitupa jozi hiyo hatua ya kwanza, maana haijui hilo. Dawa yake ni faharasa ya istilahi inayoonyesha nini kimo ndani ya nini, iingizwe kabla ya ulinganisho.

Jaribio nalo lina ujanja wake. Jozi zikigawanywa ovyo, hitaji lilelile huingia upande wa kufunzia na wa kupimia, modeli ikafaulu kwa kukariri. Hadidu za rejea zidai ipimwe kwa hati ya mradi ambao haijawahi kuuona, ambayo migongano yake imewekewa alama na wachambuzi wawili, kila mmoja peke yake. Kizingiti cha tahadhari kishushwe, zana ipige kengele hata kwa shaka ndogo: kengele ya uongo humla mchambuzi dakika moja au mbili, ilhali mgongano uliopita kimya huibuka programu ikiwa imeshaandikwa, na mkandarasi anadai nyongeza ya malipo.

Mchambuzi wa mifumo,
Morogoro