Mlipaji awe mmoja, mkulima asitengewe mfuko wake

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala wa Bima ya Afya kwa Wote. Wengi wanaoandika wanabishania kiwango: elfu ngapi, kwa kaya ya watu wangapi. Swali kubwa kuliko hilo limerukwa. Nani amlipe daktari? Awe mlipaji mmoja nchi nzima, au wawe wengi, kila mmoja na wateja wake?

Sheria iliyopitishwa na Bunge hapa Dodoma Novemba 2023 imechagua wengi. Inamtaka kila mkazi awe na bima, lakini inaruhusu skimu za umma na kampuni binafsi kufanya kazi sambamba. Mtumishi wa umma anabaki NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, anakatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri anaongeza 3. Aliyeajiriwa na kampuni yenye uwezo anakatiwa bima binafsi. Mkulima wa mtama wa Bahi na mama lishe wa Majengo, wasio na mshahara wa kukatwa, ndio wa kufuatwa nyumba kwa nyumba.

Kazi hiyo ya nyumba kwa nyumba naijua. Nilikuwa afisa mwandikishaji wa CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, katika vijiji vya Chamwino: Sh30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Kwa mwenye mshahara hiyo ni hela ya vocha. Ukifika kijijini Januari au Februari watu wako shambani wanapalilia, chakula cha ndani kinaelekea kwisha, na hela yote imeishia kwenye mbegu na kwa mwenye trekta. Miezi hiyohiyo ndiyo ya mbu, na watoto wanaumwa. Ukirudi Julai alizeti imeuzwa, hela ipo, lakini nyumbani hakuna mgonjwa, na mzee anakuuliza kwa upole kabisa: "Sasa mwanangu, nalipia nini?" Basi anayelipa ni yule mwenye mgonjwa ndani, mama mwenye kisukari au mtoto mwenye selimundu. Mfuko unaochangiwa na wenye wagonjwa tu hausimami, hata meneja wake awe malaika.

Halafu hao sita wenyewe. Kaya za kwetu zina bibi, zina wajukuu ambao wazazi wao wako Dar wakitafuta maisha. Nimekaa na simu mkononi nikimsubiri baba ahesabu watu wake kwa vidole, akifika wa saba ananyamaza. Mara nyingi aliyeachwa ni bibi, kwa kuwa "wazee wanatibiwa bure". Ni kweli sera inawasamehe wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo. Lakini msamaha hauleti dawa kwenye rafu ya zahanati. Bibi anaandikiwa kikaratasi akanunue duka la dawa, na hapo hakuna anayemuuliza umri.

Wakati sheria inapita, Watanzania wenye bima yoyote ile walikuwa kama asilimia 15 tu. Ukiwagawa hao, wenye mishahara huku na wakulima kule, unapata chungu kimoja chenye nyama na kingine chenye maji. Korea Kusini walikuwa hivyo, na mamia ya mifuko ya bima, ya kampuni na ya wilaya, ile ya vijijini ikielemewa na wazee na wagonjwa. Mwaka 2000 wakaiunganisha yote ikawa mmoja. Taiwan walishafanya hivyo 1995. Hao hawakusubiri kila mtu atajirike kwanza.

Wanaopinga wana hoja, na moja ni nzito: mfuko mmoja ukiyumba, nchi nzima inayumba. Wanakumbusha Machi 2024, hospitali kadhaa binafsi zilipoacha kupokea wagonjwa wa NHIF kwa kupinga kitita kipya, yaani orodha ya bei ambazo mfuko huo unazilipa hospitali. Mimi tukio hilo linanipeleka upande wa pili. Hospitali iliweza kufunga mlango kwa sababu ilikuwa na wateja wengine wa kuegemea, wenye bima binafsi na wenye fedha taslimu. Jimbo la Saskatchewan, Kanada, lilipoanzisha mlipaji mmoja Julai 1962, madaktari waligoma siku 23. Serikali ya jimbo ililegeza baadhi ya masharti, madaktari wakarudi kazini, mpango ukabaki, na baada ya sheria ya 1966 ukaenea Kanada yote. Madaktari hawakugeuzwa watumishi wa serikali, waliendelea na kliniki zao, ila bili zikaenda sehemu moja.

Hoja yao nyingine, kwamba mfuko mkubwa utaibiwa, siipuuzi. Ripoti za CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, zimewahi kutaja madeni ambayo Serikali yenyewe inadaiwa na NHIF. Mfuko mkubwa zaidi unahitaji sheria inayokataza hata Hazina kuuchovya, na wachangiaji wakae kwenye bodi, wakiwemo wakulima.

Fedha zitoke wapi? Sheria hiyohiyo imeshataja tozo kwenye soda, pombe na vipodozi kwa ajili ya wasio na uwezo. Kwa hiyo kijana wa bodaboda anayekunywa soda pale Kibaigwa atachangia kila siku bila kufuatwa na mtu. Kwa nini tozo hiyo iende kwenye mfuko wa maskini peke yao, badala ya kuingia pamoja na zile asilimia 6 za watumishi? Na kwa mkulima, makato yafanyike hela inapopita. Halmashauri inachukua ushuru wa mazao, asilimia 3 kwa ya biashara na 2 kwa ya chakula, na risiti hutolewa. Sehemu ya ushuru huo ihesabiwe kuwa mchango wake wa afya, na jina lake liingie kwenye mfumo palepale kwenye mzani, yeye na wote anaolala nao chini ya paa lake, wawe sita au kumi na moja.

Atakayeuza kwa mlanguzi usiku tutamkosa. Huyo tutampata kwenye soda.

Aliyekuwa afisa mwandikishaji,
Chamwino, Dodoma