Logo ya 3D kwa anayeanza: tazama kwanza itachapwa juu ya nini

Mteja anayetaka logo yenye kina, ile ambayo herufi zinaonekana kama zimesimama mbele ya ubao, huanza kwa kuuliza ni programu gani anunue au apakue. Sisi wachapaji tunaomba swali moja litangulie: logo hiyo itakaa wapi? Picha inayong'aa kwenye simu inaweza kuharibika kwenye kalikoti (bango la kitambaa), kwenye tisheti au kwenye muhuri, na mara nyingi sababu imo ndani ya faili yenyewe.

Chukua logo iliyohifadhiwa kama picha yenye upana wa pikseli 1,080 (pikseli ni vinukta vinavyounda picha), kipimo cha kawaida cha picha za mitandao. Kwenye kadi ya biashara, ikichukua sentimita 3, inatosha na kubaki, kwa kuwa uchapaji wa nukta 300 kwa inchi unadai pikseli 354 tu. Ivute mpaka ijaze kalikoti ya mita 3: kila pikseli inakuwa na upana wa karibu milimita 2.8, na kingo zote zinageuka ngazi. Logo ya 3D huumia kuliko logo bapa, maana uzuri wake wote umekaa pale mwanga unapokutana na kivuli. Ndiyo sababu tunasisitiza vekta, yaani faili inayotunza mistari na mikunjo kwa hesabu, SVG au PDF, ambayo unaikuza upendavyo bila kupoteza kitu.

Kwa mwenye simu peke yake, programu ya PixelLab ya Android ina sehemu ya maandishi ya 3D: unaandika jina, unaongeza kina, unazungusha, unahifadhi faili ya picha ya PNG isiyo na rangi ya nyuma. Kwa picha ya wasifu au tangazo la WhatsApp, inatosha kabisa. Lakini inatoa picha ya pikseli, kwa hiyo usiitegemee kwa kibao cha duka. Canva ni rahisi kujifunza, ila inakula mega kila unapoifungua, na katika toleo la bure huwezi kupakua SVG wala picha isiyo na rangi ya nyuma. Logo yako itatembea na kisanduku cheupe. Blender, programu ya 3D ya kompyuta, ni ya bure na ina nguvu nyingi, lakini inadai kompyuta yenye RAM ya GB 8 angalau, na wiki kadhaa za kujifunza kabla herufi moja haijapendeza. Iache kwa baadaye.

Sisi tunamshauri anayeanza achukue Inkscape, programu ya kompyuta ya kuchora vekta. Ni ya bure, unaipakua mara moja, kisha inafanya kazi bila intaneti. Umeme ukikatika, laptopu yenye betri inaendelea nayo. Na kina unachokichora humo ni cha vekta.

Jaribu kwanza herufi zenye kingo zilizonyooka kama K, L, T au E. Msalaba wa shaba wa Katanga, kile kipande cha shaba kilichotumika zamani kama pesa, nao ni zoezi zuri sana. Bonyeza F8 na uandike kwa herufi nene. Herufi nyembamba hazibebi kina. Shift+Ctrl+C inageuza maandishi kuwa umbo, na Shift+Ctrl+G inazitenganisha herufi. Kwa kila herufi, Ctrl+D inatoa nakala. Itume nyuma kwa kitufe cha End, kisha isogeze kulia na chini kwa kipimo kilekile. Kina cha asilimia 10 ya urefu wa herufi kinatosha: herufi ya milimita 60, sogeza milimita 6. Ukizidisha, ukuta (ubavu unaoonyesha kina) wa herufi moja unamgonga jirani yake, na itakubidi uachanishe herufi zote upya.

Sasa chukua kalamu kwa kitufe cha B, washa unasaji wa nukta (mstari unashika kona wenyewe ukiikaribia) kwa kitufe cha %, na uunganishe kila kona ya mbele na kona yake ya nyuma. Kila ukuta ni umbo la pembe nne. Herufi za mviringo kama O na S zinachosha kwa njia hii. Kwa hizo tumia kiendelezi cha Motion, kifaa cha ziada ndani ya Inkscape, ambacho hujenga kuta zenyewe ukikipa pembe na umbali.

Rangi ndiyo inayofanya jicho likubali. Amua mwanga unatoka juu kushoto, na usibadilishe katikati ya kazi. Uso wa mbele uwe mwangavu kuliko yote, kuta za kulia ziwe za kati, za chini ziwe nyeusi zaidi. Kwa sura ya shaba, jaribu namba hizi za rangi: #D98A4B, #A65E2A na #6B3A17. Rangi tatu bapa hutosha, na tunazipendelea kuliko rangi zinazofifia polepole. Kwenye serigrafi (uchapaji wa kupitisha wino kwenye fremu ya wavu) kila rangi inadai fremu yake: rangi tatu, fremu tatu, na tisheti nyeusi mara nyingi huongeza fremu ya nyeupe chini. Rangi inayofifia inabidi ivunjwe kuwa nukta ndogondogo, ambazo kwenye kitambaa huonekana chafu.

Kuna kasoro mbili zinazowashangaza wengi. Ya kwanza ni mistari myembamba myeupe kati ya uso na kuta, ingawa maumbo yanagusana. Dawa yake ni kuweka nyuma ya herufi nzima umbo moja la rangi ya giza, au kuzipitisha kuta milimita 0.2 chini ya uso. Ya pili ni kivuli chenye ukungu. Ukihifadhi PDF, Inkscape inakigeuza kuwa pikseli, na mashine ya kukata vinili (plastiki ya kubandika) haiwezi kukifuata. Kichore kivuli kama umbo lenye kingo kamili.

Muhuri una wino wa rangi moja, hivyo tengeneza pia toleo bapa la logo yako. Bora ulichore hilo kwanza, kisha uliongezee kina. Kwa broderi (nakshi ya uzi kwenye kitambaa), herufi zisiwe chini ya milimita 5 kwenda juu, la sivyo uzi unaziba matundu ya A na R. Kabla ya kulipia chochote, chapa logo kwa upana wa sentimita 2 kwenye karatasi ya kawaida na uitolee fotokopi. Jina lisiposomeka hapo, punguza kina.

Ukituletea kazi, leta SVG ikiwa na maandishi yaliyokwisha geuzwa umbo, PDF moja ya kutazamia, na vipimo kwa milimita. Kwa WhatsApp, itume kama hati. Ikitumwa kama picha inabanwa. Rangi ya machungwa inayowaka kwenye skrini itatulia kidogo kwenye wino, hivyo omba jaribio la kipande kimoja kabla ya kalikoti nzima.