Msaada wa lugha kwa watafiti wa kigeni usiishie kwenye mtihani wa kuingilia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo linalowahusu wasomaji wako wengi wanaojiandaa kwenda nchi za kigeni kusomea shahada ya uzamivu. Kila msimu wa maombi ya ufadhili unapowadia, mazungumzo huwa juu ya karo, viza na alama za mtihani wa Kiingereza. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza: nikishafika, nikakaa mbele ya tasnifu yangu, nani atanisaidia kuiandika katika lugha ambayo si yangu? Mimi nilikwenda bila kuuliza swali hilo, na kutouliza huko kulinigharimu karibu mwaka mzima wa masomo.

Nianze na mtihani wenyewe, maana ndipo kutoelewana kunapoanzia. Vyuo vingi vinavyofundisha kwa Kiingereza humtaka mwombaji wa kigeni alete matokeo ya IELTS au TOEFL, na katika IELTS alama inayotakiwa mara nyingi ni 6.5 au 7. Sehemu ya kuandika ya mtihani huo huchukua dakika 60 na ina kazi mbili, moja ya maneno yasiyopungua 150 na nyingine ya maneno yasiyopungua 250. Tasnifu ya uzamivu, kwa upande wake, inaweza kufika maneno 80,000. Wala tofauti si ya wingi wa maneno peke yake. Insha ya mtihani humtaka mtu atoe maoni juu ya jambo ambalo kila mtu anaweza kulizungumzia, ilhali tasnifu humtaka aseme jambo ambalo hajalisema mtu, aoneshe waliomtangulia walifika wapi, na apime uzito wa kila kauli anayoitoa. Simlaumu aliyeutunga mtihani, kwa sababu unapima kile ulichokusudiwa kupima. Lawama yangu iko kwa vyuo vinavyoyapokea matokeo hayo kana kwamba suala la lugha limekwisha siku mwanafunzi anapopokewa, kisha vinalikumbuka tena miaka mitatu baadaye, tasnifu inapokwama.

Nitaeleza yaliyonipata. Rasimu yangu ya kwanza ya sura ya mapitio ya maandiko, yaani sura inayopima yaliyoandikwa na waliotangulia, ilirudi kutoka kwa msimamizi ikiwa na maneno matatu juu ya ukurasa wa kwanza: "Rekebisha Kiingereza chako." Ndani, kurasa arobaini, hapakuwa na alama nyingine isipokuwa mistari michache pembeni. Nilikaa miezi miwili nikirekebisha nyakati za vitenzi na vile vijineno viwili vidogo vinavyotangulia nomino za Kiingereza, "a" na "the", ambavyo Kiswahili hakina na hakijawahi kuvihitaji. Niliipeleka tena. Ilirudi na maneno yale yale.

Ndipo nilipokwenda kwenye kituo cha uandishi cha chuo, kwa aibu, kwa kuwa wenzangu walikiita mahali pa walioshindwa. Mwalimu niliyemkuta aliisoma aya moja, akaweka kalamu chini, akaniuliza: "Aya hii inasema nini?" Nikamweleza kwa mdomo, haikuchukua hata nusu dakika. Akauliza tena: "Hayo uliyoniambia sasa hivi yako wapi hapa?" Tuliyatafuta pamoja, tukayakuta katika sentensi ya mwisho kabisa, nyuma ya sentensi tisa ambazo kila moja ilianza na jina la mtaalamu na mwaka wa chapisho lake. Nilikuwa nimewatanguliza wakubwa wa fani wote, mmoja baada ya mwingine, nami nikajificha mgongoni mwao. Tuliipandisha ile sentensi ya mwisho ikawa ya kwanza, tukaondoa majina manne yasiyohitajika, na waliobaki tukawapanga kwa yale waliyokubaliana na yale waliyopingana. Kazi hiyo ilichukua dakika arobaini kwa aya moja. Makosa ya sarufi yalikuwemo, sikatai, lakini yalikuwa matatu tu. Kile msimamizi wangu alichokiita Kiingereza changu kilikuwa mpangilio wa hoja, na hakuwa na maneno ya kunieleza hivyo.

Hapo ndipo penye kiini cha barua hii. Msimamizi anaijua fani, na akiona andiko halisimami anahisi mara moja, ila mara nyingi hajui kusema ni kwa nini, maana na yeye hakufundishwa kuandika kwa kuelezwa; alijifunza kwa kusoma na kuiga katika lugha aliyoizoea. Mwalimu wa lugha ana maneno ya kueleza tatizo lakini hajui kama katika fani hiyo matokeo hutangulizwa au hucheleweshwa, kama mtafiti husema "mimi" au hujiondoa katika sentensi. Mwanafunzi huwa katikati, akipelekwa huku na kule. Kozi za lugha za kabla ya masomo, zile za wiki kadhaa, nyingi zimetungwa kwa ajili ya wanafunzi wa uzamili wanaoandika insha za darasani, na mtafiti wa uzamivu hutoka humo akijua kuandika utangulizi wa insha lakini hajui namna ya kuonesha pengo katika tafiti zilizotangulia. Kinachosaidia ni watu hao wawili kukaa meza moja na andiko la mwanafunzi mwenyewe, hata kama ni mara moja kwa kila sura. Nimekiona kikao kama hicho mara mbili tu katika miaka yangu minne, na mara zote mbili rasimu iliyofuata ilikubaliwa.

Kuna mambo ambayo mtu hayaoni mpaka aoneshwe. Katika sura yangu ya matokeo niliandika mfululizo kwamba data "zinathibitisha". Kwa Kiswahili ninajua vizuri umbali uliopo kati ya "inathibitisha", "inaonesha", "inaelekea" na "huenda", na nisingemwambia mtu kuwa jambo limethibitika wakati limeonekana mara moja tu. Kwa Kiingereza nilikuwa na neno moja nililoliamini, nikalitumia kila mahali, na msomaji akaniona mtu wa kutia chumvi. Vilevile, kwa kuwa kiambishi chetu cha nafsi ya tatu hakitofautishi mwanamume na mwanamke, nilimgeuza mshiriki mmoja wa mahojiano kuwa mwanamume katika aya moja na mwanamke katika inayofuata, na mtathmini akadhani nimechanganya data za watu wawili. Kosa la lugha lilisomwa kuwa kosa la utafiti, na nilitumia muda mwingi kujitetea kuliko ambao ungetosha kulizuia.

Na si maandishi tu. Msimamizi aliwahi kuniambia, kwa upole sana: "Huenda ukapenda kuiangalia tena sura ya tatu." Nikaelewa kuwa ni hiari. Nikaendelea na sura ya nne. Katika kikao kilichofuata alishangaa kwamba sikufanya alichoniagiza, nami nikashangaa kwamba aliwahi kuniagiza jambo. Tangu siku hiyo nilianza kumwandikia barua pepe fupi baada ya kila kikao, nikiorodhesha nilichoelewa kuwa natakiwa kufanya na kwa tarehe gani, na kumwomba anisahihishe. Ni desturi ambayo chuo kingeweza kuiagiza kwa kila mwanafunzi na kila msimamizi bila gharama yoyote.

Wapo watakaosema kuwa haya ni malalamiko ya mtu mmoja. Mwaka 2023 jarida la PLOS Biology lilichapisha utafiti ulioongozwa na Tatsuya Amano wa Chuo Kikuu cha Queensland, uliowahoji watafiti 908 wa sayansi ya mazingira kutoka mataifa manane. Ulionesha kuwa watafiti ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza hutumia muda mrefu zaidi kusoma na kuandika makala, na kwa wengine muda wa kusoma hukaribia kuwa maradufu. Makala zao hukataliwa kwa sababu ya lugha mara 2.5 hivi zaidi ya za wenzao, na huagizwa kurekebisha Kiingereza mara 12.5 zaidi. Mwaka huo huo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizijaribu programu saba zinazodai kutambua maandishi yaliyoandikwa na akili mnemba. Waliziwekea insha 91 za TOEFL zilizoandikwa na binadamu, na kwa wastani programu hizo zilizituhumu zaidi ya nusu ya insha hizo kuwa kazi ya mashine. Msamiati mchache na sentensi za kawaida, yaani namna ileile anavyoandika mtu anayetahadhari katika lugha ya kigeni, ndivyo vilivyowatia hatiani. Mwanafunzi anayeshtakiwa kwa udanganyifu wa kitaaluma kwa ushahidi wa aina hiyo anaweza kupoteza nafasi yake, na asiye na viza ya kudumu hupoteza pia haki ya kukaa nchini.

Kwa sababu ya hofu hiyo, wengi huishia kulipa wahariri kutoka mifukoni mwao. Kanuni za vyuo vingi huruhusu msomaji prufu kusahihisha tahajia na sarufi lakini si kugusa hoja, na mpaka huo ni wa haki. Tatizo ni kwamba asiyefundishwa kupanga hoja huona hana budi kuuvuka. Ninaamini kwamba sehemu kubwa ya wizi wa kitaaluma kwa wanafunzi wa kigeni huanzia hapa: mtu anakuta sentensi ya mwingine inasema vizuri kile anachokitaka, hajui namna ya kukisema kwa maneno yake, anaichukua. Adhabu pekee haimfundishi kuifumua sentensi ile na kuijenga upya.

Ninaijua hoja ya upande wa pili, nami naikubali kwa nusu. Husemwa kwamba anayetaka kusoma kwa lugha ya watu aijue kwanza. Ni kweli kwamba mwanafunzi ana wajibu wake, na nimewaona waliokataa kusoma kitu chochote nje ya mada yao kisha wakashangaa kwamba msamiati hauongezeki. Hata hivyo, lugha ya tasnifu haina mzawa. Waliozaliwa katika Kiingereza nao hujifunza kuandika mapitio ya maandiko, ila wao hujifunza jambo moja kwa wakati na sisi mawili. Hali ni hiyo hiyo kwa mgeni anayekuja kuandika tasnifu yake kwa Kiswahili: anaweza kusalimiana, kubishana na kuelekezana bila shida, kisha upatanisho wa ngeli katika sentensi ndefu ukamwangusha, na anayemsimamia anawajibika kumshika mkono. Zaidi ya hayo, vyuo ndivyo vinavyotangaza nafasi na kuwaalika wageni, na katika nchi nyingi huwatoza karo kubwa kuliko wenyeji. Aliyealika hawezi kusema kuwa kazi yake inaishia mlangoni.

Kwa wasomaji wako walio na barua ya kupokelewa mkononi, nawasihi waandikie idara kabla ya kuikubali nafasi, na waulize kama kuna mwalimu wa uandishi anayefanya kazi na watafiti wa fani yao, kama anaweza kuisoma sura nzima au ukurasa mmoja tu, kama huduma hiyo inaendelea hadi mwaka wa mwisho, na kama kuna mazoezi ya utetezi wa tasnifu mbele ya watu kabla ya siku yenyewe. Waulize pia msimamizi huchukua muda gani kurudisha rasimu, na waombe kuzungumza na mwanafunzi mmoja wa kigeni aliye mwaka wa tatu. Jibu la mwanafunzi huyo ndilo la kulipa uzito kuliko tovuti yote ya chuo.

Wako,
Msomaji wa gazeti hili aliyehitimu shahada ya uzamivu ng'ambo