Ufagio usiwe adhabu

Mhariri,

Nimekula chumvi ya bahari miaka mingi, sasa nimetua Wete nasaidia kulea wajukuu. Kila baada ya laasiri barazani kwetu wazee wenzangu hulalamika kuwa watoto wa leo wavivu, na lawama zote wanatupiwa wageni: simu, televisheni, mambo ya Ulaya. Mimi naona yapo ya wageni ambayo tungeyachukua, na hayo ndiyo tunayoyaacha.

Meli yetu ikifunga gati Kobe, asubuhi tukiwaona watoto wa skuli ya msingi wakipita kwa mafungu, wakubwa wakiwaongoza wadogo wenye kofia za manjano, wala hakuna mzazi aliyewashika mkono. Wenyeji ndio walionieleza yaliyobaki. Kule Japani wanafunzi wenyewe hufagia na kudeki madarasa na ngazi, na kazi hiyo imo katika ratiba kama hesabu. Chakula cha mchana kikifika, wenye zamu huvaa aproni na kofia nyeupe wakawapakulia wenzao. Wa kiume na wa kike ni mamoja, na mwalimu aghlabu naye hushika kitambaa.

Mtu ataniambia hata watoto wetu wanafagia skuli. Kweli, lakini tazama anayefagia ni nani. Skuli iliyo jirani na kwangu, aliyechelewa ndiye anayetiwa ufagio wa chelewa mkononi, na mtundu hupelekwa kuosha choo. Mtoto huyo akirudi nyumbani, mama yake akimwambia afagie uwanja, anauliza amekosa nini. Akiwa wa kiume hata haambiwi. Dada yake ndiye anayeinama, yeye anangojea chai.

Na si kwamba hatujui. Msimu wa karafuu, usiku nyumba nzima hukaa kitako jamvini kuchambua: bibi, wajomba, watoto wa kiume na wa kike, karafuu huku, makonyo kule, na hadithi zinakwenda. Sijamsikia kijana akisema ile ni kazi ya wanawake. Labda kwa kuwa ina pesa ndani yake.

(Bakora siingii leo. Sweden waliipiga marufuku mwaka 1979, hata majumbani. Hiyo inataka barua yake, na najua nitarushiwa maneno.)

Hapa kwangu mjukuu wa kiume wa miaka tisa anadeki ukumbi kila Jumamosi, kisha anakosha vyombo vya chai. Mama yake haridhiki, anaogopa wenzake watamcheka. Wameshamcheka, na ukumbi umedekiwa.

Ninachowaomba walimu wakuu na kamati za skuli ni kidogo: ufagio upangiwe zamu darasa zima, na mchelewaji atafutiwe adhabu nyengine.

Baharia mstaafu,
Wete, Pemba