Barua kutoka Columbus: kwotabeki chipukizi na benchi

Columbus, Ohio

Shikamoo Mjomba,

Sisi huku hatujambo, na tunaomba nanyi hapo Tanga muwe wazima. Umeuliza kwa nini chuo cha Marekani kinamleta kijana wa miaka 18, kwotabeki wa futiboli ya Kimarekani, mwenye mkono wa kurusha mpira yadi 60, kisha kinamkalisha benchi mwaka mzima. Nakujibu kwa urefu kwa kuwa wewe ni mwalimu wa michezo. Mkono anakuja nao kutoka nyumbani. Chuoni anafundishwa miguu na macho, na hivyo ndivyo vinavyochelewa kuiva.

Kwotabeki ndiye anayepokea mpira kila shambulizi linapoanza, akaamua aurushe, ampe mkimbiaji, au akimbie nao. Ana kama sekunde mbili na nusu kabla walinzi hawajamfikia.

Siku hizi husimama kama yadi 5 nyuma ya mchezaji wa kati, ambaye humrushia mpira kupitia katikati ya miguu. Pasi fupi huhitaji hatua moja ya kurudi nyuma. Ya yadi 12 hivi huhitaji tatu: kulia, kushoto, kulia, kwa anayetumia mkono wa kulia. Mguu wa nyuma ukikita, mpira uondoke, hata kama mpokeaji hajageuza uso. Hatua ndizo saa yake, na mpokeaji naye amehesabiwa zake. Kijana wa sekondari amezoea kusubiri mpaka amwone mwenzake yuko peke yake. Kule ilitosha, walinzi walikuwa wazito. Chuoni akisubiri, nafasi imeshazibwa na mpira unaishia mikononi mwa adui.

Makosa ya miguu unaweza kuyasoma kwenye mpira wenyewe. Ukipaa juu ya kichwa cha mpokeaji, mara nyingi mguu wa mbele umetupwa mbali mno na mwili umebaki nyuma. Ukielea na kupungua nguvu, amerusha huku akirudi kinyumenyume kwa kuogopa kugongwa. Makocha wengine hukimbilia kumbadilisha namna ya kuzungusha mkono. Naona ni kosa kubwa: kijana anaanza kuuwazia mkono wakati anatakiwa kuwawazia walinzi, na usahihi aliokuja nao unapotea.

Macho ni kazi ngumu zaidi. Kabla ya mpira kuanza, huhesabu walinzi wa nyuma kabisa. Akiwa mmoja katikati, nafasi hutafutwa pembeni. Wakiwa wawili waliogawana uwanja, katikati huwa kunapenyeka. Tatizo ni kwamba walinzi hudanganya: wawili wanasimama, mpira ukianza mmoja anashuka. Kwa hiyo analazimika kuwatazama tena katika hatua yake ya kwanza, huku watu wa kilo 130 wakimjia. Kocha mwenye busara humpa anayeanza nusu ya uwanja tu: mpokeaji wa kwanza, wa pili, la sivyo akimbie au autupe mpira nje. Akipewa uwanja mzima mapema humkodolea macho mpokeaji mmoja, na mlinzi wa nyuma anayafuata macho hayo mpaka kwenye mpira.

Kuna na ulimi. Wengi sekondari walikuwa wakitazama ishara za mikono kutoka pembeni, hawajawahi kuwatamkia wenzao mpango mzima wa shambulizi linalofuata. Tangu 2024, katika daraja la juu la vyuo, kocha huzungumza na mchezaji mmoja kwa redio iliyo ndani ya helmeti, na redio hukatika saa ya sekunde 40 za kuanzisha shambulizi ikibakiza 15. Asikie, atamke maneno kumi bila kukosea, apange watu, kisha abaki peke yake. Dawa yake ni kuutamka mpango kwa sauti, kila usiku, mpaka usimkwame.

Muda wenyewe ni haba. Wakati wa msimu sheria inaruhusu saa 20 kwa wiki, na majira ya kuchipua kuna mazoezi 15 tu. Ndiyo maana wengi humaliza sekondari Desemba wakaanza chuo Januari, wasiyakose hayo 15. Msimu ukianza, zamu nyingi za mazoezi ni za kwotabeki wa kwanza. Chipukizi huongoza kikosi cha kuigiza wapinzani, akisoma kwenye kadi ampe nani mpira. Hapo anapata mazoezi ya mkono, lakini macho yanalala, kwa kuwa kadi imeshamwamulia. Anayetaka kukua husimama nyuma ya mwenzake, akapiga hatua zilezile bila mpira na kujiamulia angerusha wapi, kisha akalinganisha na video.

Mwaka 2018 sheria iliruhusu chipukizi acheze mechi hadi nne bila kupoteza mmoja wa miaka yake ya kucheza chuoni, na makocha wakazitumia mechi hizo kumuonjesha. Mwaka huohuo ilianzishwa potali ya uhamisho, yaani orodha ya mtandaoni ya wachezaji wanaotaka kuhama chuo. Siku hizi kijana akikaa benchi msimu mmoja anaondoka, na kule aendako anaanza lugha mpya ya mipango kutoka sifuri. Wengine uhamisho umewafaa. Kwotabeki Joe Burrow alikaa hapa kwenye chuo cha Ohio State miaka mitatu, akahamia chuo cha Louisiana State (LSU) 2018. Msimu wa kwanza pasi zake zilizofika zilikuwa asilimia 57.8, na mabao 16. Wa pili, 2019, zikafika 76.3, na mabao 60. Alipohama alikuwa tayari na miaka mitatu ya kujifunza kuona.

Jumamosi ukitazama, Mjomba, usiufuate mpira. Mtazame kwotabeki mguu wa nyuma unapokita: kama mpira bado uko mikononi na miguu imeganda, hajajua aende wapi.

Nisalimie wote hapo nyumbani.

Mpwa wako