Kuhusu lile neno "majini"

Shoga yangu,

Assalaam aleikum. Huku wazima, Mama Zuhura anakusalimu na sufuria yake bado anaingoja. Nakuandikia usiku kwa ajili ya neno moja ulilolipigia mstari kwenye tafsiri yangu ya mchezo wa Shakespeare, pale nilipotafsiri neno la Kiingereza fairies: "majini". Pembeni umeandika, "Kweli ndio hao?" Tangu hapo sina raha.

Maana jini akitajwa kwetu, mtu anaona chetezo, ubani na mgonjwa aliyepandwa. Wale wa A Midsummer Night's Dream hawampandi mtu. Puck, yule mtundu wao, anajigeuza kigoda. Bibi kizee akitaka kukaa, kigoda kinachomoka, bibi chini! Maziwa yanasukwasukwa na siagi haitoki. Reginald Scot aliandika mwaka 1584 kwamba vijakazi wa zamani walikuwa wakimwekea bakuli la maziwa, naye usiku awasagie na kuwafagilia. Huyo ni wa jikoni kabisa.

Lakini pia si vitoto vya kuchezea, na hapo ndipo neno linanishinda. Oberon na Titania, mfalme na malkia wao, wanagombania mtoto mmoja wa Kihindi, basi mito inafurika, ngano inaoza mbichi haijaota hata ndevu. Nilipofika hapo niliweka kalamu chini.

Halafu nimesoma tamthilia nyingine mbili, na humo hao viumbe ni watu waliojigeuza. Kwenye The Merry Wives of Windsor watoto wanamfinya Falstaff na kumchoma kwa mishumaa. Mzee wa watu amelala kifudifudi, anaamini akisema nao atakufa. Kwenye The Alchemist ya Ben Jonson, ya 1610, karani Dapper anafungwa macho, anajazwa mkate wa tangawizi mdomoni na kutiwa chooni, angoje kuonana na malkia wao. Watu wanamcheka. Mimi namwonea huruma: wamemla pesa kwa kile alichofundishwa utotoni kukiogopa.

Sasa niambie. Nikiandika "vibwengo" itafaa? Au kibwengo ni wa baharini tu? Bibi yako alikuwa akiwaitaje wale wanaoficha vitu ndani? Titania aitwe malkia wa vibwengo, heshima yake haitapungua? Na vijana wetu wa mchezo wanalijua neno hilo hata kidogo? Nijibu kabla ya Ijumaa tafadhali, mazoezi yanaanza na ukurasa wa kwanza bado una ule mstari wako.

Wako,
Shoga yako wa Tanga