Beleshi la Matt

Swahibu wangu,

Salaam nyingi. Huku hatujambo, na mama anakusalimia, anauliza utakuja lini.

Jana usiku nimeitazama tena ile sehemu ya Friday Night Lights, tamthilia ya televisheni ya Kimarekani, inayoitwa "The Son", ya msimu wa nne, mwaka 2009. Usingizi uliniruka, nikabaki nakuwaza wewe.

Unamkumbuka Matt Saracen, yule kijana mpole wa Dillon, Texas, anayemlea bibi yake aliyeanza kupoteza kumbukumbu? Baba yake mwanajeshi, yuko vitani Iraki. Hapa anarudishwa ndani ya jeneza. Watu wanamsifu marehemu, Matt anaitikia tu. Usiku anakwenda na wenzake mahali ulipohifadhiwa mwili, anataka jeneza lifunguliwe. Anaona alichokiona.

Halafu anakaa mezani kwa Taylor, kocha wake wa mpira, chakula kimepakuliwa, anasema hapendi karoti. Karoti hizo ndizo zinazomfungua kinywa. Anasema anamchukia baba yake. Kwamba chuki yake yote alimtwika mtu mmoja aliye mbali, ili bibi, marafiki na binti wa kocha anayempenda wabakiwe na wema wake. Sasa mtu huyo hayupo, na maiti yake haina hata uso wa kuambiwa hayo. Zach Gilford, anayemwigiza Matt, anayasema hayo huku akijaribu kuendelea kula, na hapo ndipo nilipovunjika mimi.

Nikakumbuka ulivyoninong'oneza siku tuliyomzika mzee wako: "Mbona silii?" Mzee aliyetuma hela kutoka Maskati miaka yote ile, asijue hata uko darasa la ngapi. Nilikuambia subiri, machozi yatakuja. Nisamehe, ndugu yangu. Kocha hakumkanya Matt asimseme vibaya marehemu. Alimsindikiza kwa miguu hadi kwao, basi.

Makaburini, Matt anashika beleshi, anaanza kumwaga udongo mwenyewe. Kwao kazi hiyo huachiwa wafanyakazi wa makaburi, ndiyo maana inashtua. Sisi kila mtu hutia udongo, tumezoea hata hatuoni. Lakini siku ile nilikuona: watu walikuwa wakipokezana, wewe ulikataa kuachia beleshi mpaka kaburi likajaa. Nadhani ulikuwa unazungumza naye.

Nakuja Tanga mwisho wa mwezi. Tuitazame pamoja, na ukitaka kuniambia lolote juu ya mzee, zuri au baya, safari hii nitakusikiliza.

Wako wa siku zote.